Nukta Kwenye Daftari la Fundi

Kila alipotoka shule, kazi ya kwanza ya Sindano ilikuwa kuokota pini. Alifunga sumaku ndogo kwenye uzi, akaiburuta sakafuni kuanzia mlangoni hadi chini ya meza ya kukatia, na pini zote zilizodondoka mchana kutwa zikajinasa zenyewe. Kisha alifagia vipande vya kitambaa, akatia mafuta cherehani mbili na kupanga chaki kwenye kopo lake. Ndipo aliporuhusiwa kula. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Watu wote walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba, mama yake alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulichoma.

Mama yake alikuwa fundi hodari, lakini alipima watu polepole mno. Mteja akiingia aliketishwa kwanza, akaulizwa habari za watoto, za mguu uliokuwa ukiuma, za paa lililokuwa likivuja. Mama aliamini kwamba mtu akijua anapimwa hujikaza, na vipimo vya mtu aliyejikaza havifai kitu. Kwa hiyo alimpigisha soga mpaka asahau, ndipo futi ya kupimia ikapita kifuani, kiunoni na begani. Namba aliziandika kwenye daftari nene lililokaa mezani siku zote. Kwa mbali lilionekana nadhifu, lakini ukilitazama kwa karibu, kando ya majina fulani kulikuwa na nukta ndogo nyeusi.

"Mama, hizi nukta ni za nini?" Sindano aliwahi kuuliza.

"Wino huo," mama alijibu bila kuinua macho. Sindano akaamini kwamba mama yake hajui kushika kalamu.

Mwaka huo shule iliagiza sare za kwaya kwa watoto ishirini na wanane, Sindano akiwa mmoja wao, na siku ya wazazi ilikuwa imebaki wiki mbili. Mama alishika kichwa. Mjomba wa Sindano, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu mtaa wa pili, ndiye aliyekuja na suluhisho kwapani. Ilikuwa kompyuta ya mitumba yenye kamera, na ndani yake alikuwa ameweka programu mbili. Moja ilitazama picha ya mtu na kutoa vipimo vyake vyote. Nyingine ilijibu maswali, uliandika nayo ikakuandikia, kama mtu mwenye subira aliyeketi upande wa pili wa kioo.

"Dada, kitu hiki kinapima mtu mmoja kwa nusu dakika," mjomba alisema. "Wewe bado utakuwa unauliza habari za paa."

Mama alikizunguka chombo kile mara mbili, akaguna. "Sawa, tujaribu. Lakini Sindano, karatasi ya vipimo iletwe kwangu kwanza niione. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama," Sindano alijibu, na kweli alisikia. Kusikia hakukuwa tatizo lake.

Siku ya Ijumaa mwalimu wa kwaya aliwapa stoo ya vitabu, na watoto wakaingia mmoja mmoja kupigwa picha wakiwa wamevaa fulana. Sindano alijiona mkubwa, maana yeye ndiye aliyebonyeza kitufe. Mvulana waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuzimika tangu asubuhi hadi jioni, alijaza pumzi kifuani mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kompyuta ikapiga picha na kuandika ilichokiona.

Kisha akaingia Kinanda, rafiki yake wa kufa na kuzikana tangu darasa la kwanza. Aliishi na bibi yake, na alikuwa na sauti iliyoweza kumnyamazisha hata Redio, ndiyo maana yeye ndiye aliyeanzisha wimbo mkuu wa kwaya. Siku hiyo alisimama mlangoni akiwa ameng'ang'ania sweta lake.

"Lazima nivue?"

"Lazima. Haiwezi kukupima ukiwa na sweta."

"Si mama yako anipime tu, kama siku zote?"

"Vua bwana, unatuchelewesha. Kompyuta haina umbea kama watu."

Kinanda alimtazama kidogo, akavua. Picha ikapigwa.

Jumatatu asubuhi Sindano alikuwa na karatasi iliyochapwa kwenye kibanda cha mjomba, imenyooka na kupendeza, majina ishirini na manane na safu saba za namba. Mama alikuwa hajaiona. Sindano alijiambia kwamba ataipeleka jioni, lakini kwanza watoto wenzake waone maajabu. Akaibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya darasa, akasimama pembeni kama mtu aliyezitunga zile namba mwenyewe.

Redio ndiye aliyesoma kwa sauti. Alisoma kifua chake mara tatu. Halafu akafika safu ya mwisho, ambayo Sindano hakuwa ameitilia maanani kwa sababu karibu yote ilikuwa sifuri. Safu hiyo iliitwa Tofauti ya Mabega.

"Sifuri, sifuri, sifuri," Redio alisoma. "Kinanda, tatu. Tatu ya nini? Kumbe bega lake moja limeshuka?"

Watoto wote waligeuka kumtazama Kinanda. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuketi na wenzake miaka sita wasilione bega lake, na namba moja ikawafungua macho wote kwa pamoja. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mizani," wengine wakacheka. Kinanda hakumtazama aliyesema wala waliocheka. Alimtazama Sindano, akachukua mkoba wake na kuondoka.

Mwalimu wa kwaya alifika, akasoma, akaibandua karatasi ile. "Nani amebandika hii?"

Sindano aliutazama ubao mtupu. "Kompyuta ndiyo iliyoandika, mwalimu."

"Sikuuliza nani ameandika."

Kengele ikalia, watoto wakatawanyika, na Sindano akatawanyika nao ingawa alikuwa mmoja.

Jioni aliiweka mezani kwa mama ile karatasi, ambayo mwalimu alimpa ampelekee, akamsimulia yaliyotokea, isipokuwa nani aliyebandika. "Imebandikwa," alisema, kana kwamba karatasi hujibandika. Moyoni aliomba jambo moja tu, mama aseme kwamba kompyuta imekosea. Ikiwa imekosea, kesho atatangaza hivyo, Kinanda atarudi, na mambo yamekwisha.

Mama aliisoma safu ya mwisho, akashusha pumzi. "Tatu. Ni kweli kabisa, sentimita tatu. Haijakosea hata chembe."

Akarudi kwenye cherehani yake. Sindano alibaki pale pale. Kama kompyuta imesema kweli, na yeye hakuongeza neno, na Redio alisoma tu kilichoandikwa, kosa limetoka wapi? Alilitafuta kosa lile kama mtu anayetafuta pini bila sumaku.

Siku ya Jumanne kiti cha Kinanda kilikuwa kitupu. Mwalimu wa kwaya alisema kwamba asiporudi kufikia Ijumaa, wimbo mkuu utaondolewa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuuanzisha. Sindano alirudi nyumbani mbio, akasahau pini na ufagio, akaketi mbele ya kompyuta na kufungua ile programu ya maswali. Aliandika: Rafiki yangu amenikasirikia kwa sababu ya vipimo. Nimekosea wapi?

Majibu yalikuja kabla hajakaa vizuri. "Pole sana. Ninaelewa kwamba unaumia. Huenda rafiki yako ameona jambo lake la siri limewekwa hadharani, na mtu aliyemwamini. Mweleze ukweli na umwombe radhi kutoka moyoni."

Sindano alisoma mara mbili, machozi yakamlengalenga. Hata mama yake hakuwa amemwambia pole. Akaandika: Kama unajua haya yote, kwa nini ulitoa ile namba?

"Samahani kwa usumbufu huo. Vipimo hutolewa na programu nyingine."

Je, wewe unasikitika kweli?

"Mimi ni programu ya kompyuta, sina hisia kama za binadamu. Lakini niko hapa kukusaidia."

Sasa akachanganyikiwa zaidi. Dakika moja iliyopita imeelewa kwamba anaumia, na sasa haina hisia. Lakini lile shauri lilikuwa zuri. Je, kitu kinaweza kujua jambo linauma bila chenyewe kujua maumivu ni nini? Na yeye je, aliyekuwa na moyo mzima kifuani, mbona hakulijua mpaka aambiwe na kioo? Kwa bahati mbaya alibonyeza pasipostahili, ukurasa ukafungwa. Alipoufungua tena yale maneno yote yalikuwa yametoweka, na palikuwa na sentensi moja iliyochangamka: "Habari! Nikusaidie nini leo?"

Alikaa akiitazama sentensi ile. Alitamani na yeye angeweza kufungwa na kufunguliwa hivyo, aamke Kinanda akiwa kwenye kiti chake.

Mjomba alikuwa mlangoni, amekuja kuangalia kama kompyuta imepata joto. "Mjomba, hii kitu ina akili kweli au inaigiza?"

Mjomba alijikuna kidevu. "Swali gumu hilo, mpwa wangu. Mimi naijua kwa ndani, naweza kuifungua na kuifunga tena, na bado siwezi kukujibu. Hata wanaozitengeneza wanabishana."

"Wewe unaonaje?"

"Asubuhi naona ina akili kuliko mimi. Mchana inanijibu upuuzi, naona ni kopo tu. Jioni sijui."

Hilo halikumsaidia Sindano hata kidogo. Alikwenda mezani kwa mama, akafunua daftari nene mpaka ukurasa wenye jina la Kinanda. Vipimo vyote vilikuwepo, namba za bega la kulia na la kushoto zimeandikwa sawa, na pembeni kulikuwa na nukta nyeusi.

"Mama, hii nayo ni wino?"

Mama alisimamisha cherehani. Alimtazama binti yake kwa muda, kama anayepima kitu kisichopimwa kwa futi. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Kinanda alikuwa na miaka saba nilipomshonea gauni la kwanza. Alipojitazama kwenye kioo akalia, hakusema kwa nini. Nikawaambia watu wote watoke nje, nikamfuta machozi, nikampeleka kwa bibi yake. Gauni lililofuata nililiwekea kitambaa kilichokunjwa mara tatu, ndani ya bega la kushoto. Alijitazama, akacheka. Hakuniuliza na mimi sikumwambia, mpaka leo. Nukta ni ya kunikumbusha mimi."

"Na hizi nyingine?"

"Huyu mzee vidole vyake havifungi vifungo tena. Nimemwekea zipu kwa ndani, vifungo vya nje ni pambo. Huyu ana mguu mmoja mfupi. Wengine sikuambii hata wewe."

"Kwa nini usiandike tu, ijulikane?"

"Daftari linalala hapa mezani, kila mteja anayesubiri analifunua. Mimi nikiona nukta nakumbuka mtu. Mwingine akiiona, anaona wino." Mama aliketi. "Kompyuta na mimi tulijua namba ile ile, tatu. Mimi nimekaa nayo miaka mitano. Haya, sasa niambie, nani alibandika karatasi?"

Sindano alilifunga daftari. "Mimi."

"Nilijua. Nilitaka kukusikia ukisema. Tena kuna watu wengine wanaopaswa kukusikia."

Jumatano asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, Sindano aliomba ruhusa na kusimama mbele ya darasa. "Juzi nilisema kompyuta ndiyo iliyoandika," alianza. "Ni kweli, lakini kompyuta haina mikono. Mimi ndiye niliyebandika. Mama aliniambia nimpelekee karatasi kwanza, nikakaidi kwa sababu nilitaka kujionyesha. Kosa ni langu." Redio alifungua mdomo, na labda kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaufunga bila kusema kitu.

Baada ya shule alikwenda kwa kina Kinanda. Bibi alikuwa mlangoni akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yuko ndani. Hazungumzi na mtu, lakini jaribu."

Mfukoni Sindano alikuwa na karatasi aliyonakilia maneno mazuri ya kompyuta, kwa jinsi alivyoyakumbuka. Alikusudia kuyasoma. Lakini alipomwona Kinanda ameketi kitandani, amejifunga kanga mabegani kwenye joto lile, aliona haya kuitoa.

"Nilikwambia kompyuta haina umbea," alisema. "Umbea ulikuwa kwangu. Nimewaambia darasani leo kwamba ni mimi. Nimekuja... sijui niseme nini. Nimekosa. Kiti chako kitupu kinanitazama siku nzima."

Kinanda alichomoa uzi mmoja kwenye shuka, akausokota kidoleni. "Nilidhani mama yako ndiye aliyekwambia."

"Hakuniambia miaka yote. Alisema ni wino."

"Wino?"

Sindano akamweleza habari ya nukta. Kinanda alisikiliza hadi mwisho, akaufungua uzi kidoleni. "Nilijua kuna kitu ndani ya gauni," alisema polepole. "Nilikuwa nakigusa nikiimba. Nilifikiri mama yako hajui kwamba najua."

Walikaa kimya. Kukaa kimya na Kinanda kulikuwa bora kuliko majibu ya haraka ya kioo, ingawa Sindano asingeweza kueleza kwa nini. Hatimaye Kinanda akasema, "Kesho nitakuja kwenye kipimo. Kuhusu kuimba, sijaamua."

Alhamisi mchana Sindano aliketi na gauni la Kinanda mapajani, kitambaa cha kuongeza begani kikiwa tayari kimekunjwa mara tatu. Alitaka kazi iwe imekwisha kabla rafiki yake hajaingia. Mama alipita, akatazama.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, si ndivyo unavyofanya siku zote?"

"Alipokuwa na miaka saba niliamua kwa niaba yake. Sasa ana kumi na mbili, na shule nzima inajua. Huenda anataka kujificha, huenda amechoka kujificha. Mimi sijui, wewe hujui, na hilo dubwana la mjomba wako halijui. Mwenye bega ndiye anayejua."

Kinanda alipokuja, Sindano alimketisha kwanza. Akamuuliza habari za bibi, za koo lake, za paka wao aliyezaa kwenye kabati. Kisha akachukua futi, akapima kwa mkono wake, akiandika namba kwenye daftari nene. Ilipofika begani, alisimama. "Kinanda, nikiweke kile kitambaa au nisiweke?"

Kinanda alijitazama kwenye kioo kirefu cha ukutani. Aligeuka upande, akarudi mbele, akainua mkono kama anayeanzisha wimbo. Mama alijitia kuwa anatafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake.

"Hili weka," Kinanda alisema mwishowe. "Nataka nifikirie wimbo tu, nisifikirie bega. Lingine tutaona."

Sindano alikishona mwenyewe, akafumua mara mbili, akashona tena. Siku ya wazazi Kinanda alisimama mstari wa mbele, akaanzisha, na ukumbi mzima ukatulia. Sindano, aliyekuwa mstari wa pili, alichelewa kuitikia kwa sababu alikuwa akimsikiliza. Redio aliimba ndani ya shati lililoweza kumpokea na mgeni mmoja. Mama alikuwa amemwita apimwe upya, akakataa, kwa kuwa namba ile aliipenda.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Sindano aliuliza swali lililomkaa kichwani wiki nzima. "Mama, itafika siku kompyuta iwe na akili kama mtu, na huruma kama mtu?"

Mama alitembea hatua kadhaa. "Sijui, mwanangu. Kwenye hesabu imeshanishinda, na pole yake ni tamu kuliko yangu. Labda siku hiyo itafika, labda haitafika. Mimi ni fundi nguo, sitakudanganya kwamba najua. Ninachojua ni kidogo. Itumie ikusaidie, haina ubaya. Lakini ukishajua jambo la mtu, kulitunza ni kazi yako, usiiachie mashine. Na ukimuumiza mtu, usiisingizie. Yeye hataki kuambiwa namba ilitoka wapi. Anataka kuona wewe umeumia naye."

Sindano hakupata jibu la swali lake, na swali hilo bado analo. Lakini yale mengine aliyaelewa barabara.

Jumatatu Redio alifika na shati lake kwenye mfuko, anaomba lipunguzwe. Wakati anasubiri, alifanya kama wateja wote, akalifunua daftari lililokuwa mezani. Akafika ukurasa wa mwisho, wenye mwandiko wa Sindano.

"Sindano, hii nukta kando ya jina la Kinanda ni ya nini?"

Cherehani ya mama ilipunguza mwendo.

"Wino huo," Sindano alijibu bila kuinua macho, akaendelea kuokota pini.